Darasa la watu 58, simu moja na orodha ya apu 40: nianzie wapi?

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati na sayansi, darasa langu lina wanafunzi 58. Nina simu janja yangu mwenyewe, shule ina projekta moja tunayogombania na laptopu moja ya ofisini. Intaneti ipo ila ni ya kubahatisha. Tulipelekwa semina ya teknolojia tukarudi na orodha ya apu kama 40, nimejaribu sita, kila moja inataka akaunti, mbili zimenigomea mbele ya wanafunzi na saivi nimechoka. Nianze na ipi? Halafu mkuu wa shule anafikiria kununua tableti 10 na kaniomba ushauri, nimwambie nini?"

Marahaba mwalimu, na pole na semina.

Nakupa jibu kwanza afu maelezo baadaye, maana najua unasoma hii kwenye simu huku una madaftari ya kusahihisha mezani. Ile orodha ya 40 ikunje uiweke kwenye droo. Muhula huu wote chukua vitu vitatu tu: Plickers ya kuulizia swali darasa zima kwa mpigo, phyphox ya kupimia vitu vya sayansi kwa simu hiyohiyo uliyonayo, na PhET ya kuonyesha vile ambavyo jicho halivioni. Basi. Vyote vitatu unaweza kuvitumia bure, vyote vinavumilia darasa kubwa lenye kifaa kimoja, na hivyo viwili vya mwisho ukishavipakua havihitaji intaneti tena.

Kwanini vitatu? Kwa sababu apu haikuchoshi yenyewe, kinachokuchosha ni kujifunza apu mpya kila wiki mbele ya watoto 58 wanaokuangalia. Ile mara ya kwanza unaitumia vibaya, ya pili unaitumia kwa woga, ni kama mara ya sita ndo unaanza kusahau kama kuna apu na unafundisha. Sasa wewe umejaribu apu sita mara moja moja, yaani umekula ile sehemu chungu tu mara sita na ukaacha kabla haijakolea. Hata mimi nilipita hukohuko, nakumbuka muhula mmoja nilikuwa na akaunti 11 na paswedi nimeziandika nyuma ya andalio la somo.

Kitu cha pili, orodha za semina zinapangwa kwa kuangalia apu inafanya nini. We anzia upande wa pili: leo nataka kujua nini kuhusu vichwa vya hawa watoto, au nataka waone nini ambacho chaki hainisaidii kuonyesha? Ukijibu hilo, apu inajichagua yenyewe, na mara nyingine utagundua hamna apu inayohitajika, karatasi inatosha.

Tuanze na hilo la kujua vichwa vyao, maana hapo ndo penye faida kubwa kuliko kote na nitakaa hapo muda mrefu, univumilie.

Ukiuliza swali darasani ukasema "nani anajua", wananyoosha mikono walewale saba. Unamchagua mmoja, anajibu vizuri, unasema safi, unaendelea, na wale 51 hujui wamebaki wapi mpaka siku ya mtihani. Profesa mmoja wa fizikia pale Harvard, Eric Mazur, alilishughulikia hili tangu 1991: anauliza swali la kuchagua, kila mtu anapiga kura peke yake, afu wanageukiana kubishana na jirani, afu wanapiga kura tena. Na mwanzoni hakukuwa na mitambo, walikuwa wananyoosha kadi zenye herufi, vifaa vya kubonyeza vilikuja baadaye. Kanuni yake ya kuamua ni rahisi sana na mi naifuata mpaka leo: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, rudi kafundishe upya, kubishana hakutawasaidia maana hakuna wa kumwelimisha mwenzake. Wakiwa juu ya 70, fafanua kidogo songa mbele. Wakiwa katikati, hapo ndo pa kuwaachia wabishane, na utashangaa kura ya pili inavyopanda bila wewe kutia neno.

Plickers ndo hiyo kazi iliyowekwa kwenye simu. Unaprinti kadi za karatasi, kila kadi ina mchoro wake mweusi usiofanana na mwingine, na kwenye pande nne za mchoro kuna herufi A, B, C, D kwa maandishi madogo. Mtoto anazungusha kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, anaiinua, we unapitisha kamera ya simu taratibu toka kushoto kwenda kulia kama unapiga picha ya harusi, na simu inasoma nani kajibu nini. Kadi za seti ile yenye kadi nyingi (Expanded) zinafika 63, kwa hiyo watu wako 58 wanaenea. Jirani hawezi kuibia kwa sababu herufi ni ndogo na michoro haifanani, na yule mwenye aibu ambaye tangu muhula uanze hajanyoosha mkono, leo na yeye kajibu bila mtu kumcheka.

Mambo madogo ambayo semina haisemi. Usizitie kadi plastiki ya kung'aa, mwanga wa dirishani unapiga pale kamera inakuwa kipofu, bora uzibandike kwenye karatasi ngumu tu. Waambie washike pembeni, kidole kikigusa mchoro haisomeki. Darasa likiwa refu, ziprinti kubwa zaidi kwa wale wa nyuma. Projekta siyo lazima, andika swali ubaoni na simu iwe ya kuskani tu. Intaneti inahitajika ila kidogo, maandishi matupu hayali bando, picha ndo zinakula. Na toleo la bure lina mpaka wa idadi ya maswali kwenye seti moja, ambao mi naona ni baraka, maswali matatu mazuri kwa kipindi yanatosha kabisa.

Siku intaneti imegoma? Kila mtoto akunje karatasi mara mbili ipate vipande vinne, aandike A B C D, ainue ile aliyochagua karibu na kifua. Huna rekodi, lakini macho yako yanaona. Usiahirishe kipindi kwa sababu ya mtandao.

Ila sasa, kadi hizi zote ni bure kabisa (kwa maana mbaya) kama swali lenyewe halina akili. Nikuambie kilichonipata. Nilikuwa nafundisha desimali, nikauliza ipi ni kubwa kati ya 0.5, 0.45 na 0.312. Zaidi ya robo tatu ya darasa wakachagua 0.5, nikafurahi, nikasonga. Wiki iliyofuata kwenye zoezi watu walewale wananiandikia 0.3 ni kubwa kuliko 0.38. Kumbe! Kuna watoto wanaamini desimali fupi ndo kubwa, kwa hiyo swali langu liliwapa vema kwa sababu ya uongo. Swali zuri ni ipi kubwa kati ya 0.4, 0.45 na 0.312. Anayeamini ndefu ndo kubwa atachukua 0.312, anayeamini fupi ndo kubwa atachukua 0.4, na anayeelewa thamani ya nafasi atachukua 0.45. Sasa kila kosa linakuambia ugonjwa wake. Wale waliosomea upimaji wanayaita hayo majibu vipotoshi, na kazi ya kipotoshi ni kumkamata mwenye wazo fulani potofu, siyo kujaza nafasi.

Na hapohapo sikiliza unavyosoma desimali kwa mdomo, maana sisi wenyewe tunachangia. Ukisema "sifuri nukta mia tatu kumi na mbili" na "sifuri nukta arobaini na tano", mtoto kasikia mia tatu na arobaini, unategemea achague nini? Sema nukta tatu moja mbili, nukta nne tano. Hili halihitaji apu yoyote na mi lilinichukua miaka kuligundua.

Kuuliza kwenyewe kunafundisha, siyo kupima tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia, Roediger na Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa maandishi wasome. Wengine wakarudia kusoma, wengine badala ya kurudia wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojaribu kukumbuka walibaki na 56 na wale wengine 42. Unaona mtego ulipo: mwisho wa kipindi njia ya kurudiarudia inaonekana nzuri, we na wanafunzi mnatoka mnatabasamu, hasara inakuja baadaye. Kwa hiyo kila kipindi fungua na swali moja la leo, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita. Maswali yatakaa kwenye Plickers, mwakani unayo tayari.

Haya, sayansi.

Simu yako ina maabara ndani yake na wengi hawajui. Ina kifaa kinachohisi mwendo, ina maikrofoni, nyingi zina kihisi cha sumaku. Phyphox, apu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani na kutoka 2016, inafungua hivyo vihisi vyote na kukuchorea grafu hapohapo. Ni bure na haina haja ya akaunti, hilo peke yake linatosha kuipenda.

Jaribio ambalo nakushauri uanze nalo ni la kitu kinachoanguka. Kwa kawaida tunampa mtoto stopuwochi tunaachia jiwe toka juu ya meza, tunapata majibu ya ajabu na tunasema ni makosa ya vipimo tunaendelea. Kitu kikianguka mita 1.25 kinachukua kama sekunde 0.505. Mkono wa binadamu kuitikia tu unachelewa kama sekunde 0.2, yaani asilimia 40 ya muda wote unaoupima, afu kwenye kanuni muda huo unauzidisha kwa wenyewe, kosa linakua zaidi. Hapo hata mtoto mwerevu vipi hatapata g, ule mchapuko wa kitu kinachoanguka.

Kwenye phyphox kuna stopuwochi ya sauti: inaanza kuhesabu ikisikia mlio, inasimama ikisikia mlio wa pili. Weka rula ichungulie nje ya meza, juu ya ncha yake weka gololi, chini sakafuni weka kipande cha bati. Piga rula kwa pembeni kwa kitu kigumu, mlio wa kwanza, rula inaondoka na gololi inaanza kudondoka saa hiyohiyo, inagonga bati, mlio wa pili. Muda unakuja mpaka sehemu ndogo kabisa za sekunde. g ni mara mbili ya kimo ugawe kwa muda kipeo cha pili, na watoto wanapata karibu na 9.8 kwa mikono yao wenyewe, we kaa pembeni uone nyuso zao.

Sehemu mbili za kurekebisha: kiwango cha sauti cha kuiamsha, kipandishe ili minong'ono isiianzishe, na muda mfupi wa kungoja kabla haijakubali mlio wa pili, weka kama sekunde 0.1 ili mwangwi wa pigo la kwanza usiisimamishe. Darasa lazima linyamaze kimya kabisa, na hapa kuna kitu kinanifurahisha kila mara, huhitaji kusema nyamazeni, wananyamazishana wenyewe kwa hasira maana kelele ya mtu mmoja inaharibu kipimo cha wote.

Angalizo moja tu. Majaribio mengine mle, kama lile la pendulamu, yanatumia jairoskopu (kihisi cha kuzunguka kwa simu), na simu nyingi za bei ya chini hazina. Ukifungua jaribio apu yenyewe itakuambia kihisi hakipo, usidhani umekosea wewe. Maikrofoni kila simu inayo, ndo maana nimekuanzishia na hiyo.

PhET sasa. Carl Wieman alipata Nobel ya fizikia 2001, mwaka uliofuata akaanzisha mradi huu pale chuo kikuu cha Colorado, Boulder, wa kutengeneza maabara za kuchezea kwenye kompyuta, bure kwa kila mtu. Nyingi saivi unaweza kudanlodi faili moja, ukaliweka kwenye fleshi na kulifungua kwa brauza bila intaneti, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Faili likikaa kwenye laptopu ya ofisini limekaa, hakuna kuomba mtandao.

Ila tafadhali usiigeuze PhET kuwa sinema. Kosa ninaloliona kila ninapokaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenzangu ni hili, anawasha, anabonyeza, anaeleza, watoto wanasema waaa, kengele. Wameona rangi. Fanya hivi: chora saketi yenye taa mbili zinazofanana kwa mfuatano, uliza kabla ya kuwasha, taa ya kwanza itawaka sana kuliko ya pili, pungufu, au sawa? Piga kura kwa zile kadi. Utakuta kundi kubwa wanasema ya kwanza itawaka zaidi kwa sababu wanaamini umeme "unaliwa" na taa ya kwanza na ya pili inapata makombo. Waache wabishane. Sasa ndo uwashe, waone taa zote mbili sawa na zile chembe za umeme zinatembea kwa kasi moja mzunguko mzima, hazipungui popote. Mtoto aliyepiga kura akakosea ana sababu ya kuangalia, aliyeonyeshwa tu hana.

Na kama waya, betri na taa za tochi zipo, fanya na za kweli pia. Kwenye PhET waya hazilegei na betri haichoki, mtoto aliyesoma kwa skrini peke yake siku akikutana na swichi yenye kutu anadhani fizikia imebadilika.

Projekta ikiwa kwa mwenzako siku hiyo, weka laptopu meza ya mbele, makundi yapite manne manne huku wengine wana zoezi. Polepole lakini inafanyika.

Kwa upande wa hisabati nilitaka sana nikuongezee GeoGebra, ile iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter kule Salzburg, maana kuvuta mstari na kuona m na c za y = mx + c zinabadilika papo hapo ni kitu ambacho chaki haiwezi. Ila nimekuahidi vitatu. Iwe ya muhula ujao.

Vingine haraka haraka kwa sababu najua vipo kwenye orodha yako. Kahoot! inachangamsha darasa sana, lakini inataka walau kifaa kimoja kwa kila kundi, na kwa kawaida inampa pointi nyingi anayewahi, kwa hiyo yule anayefikiri taratibu anajifunza kubahatisha. Mi naitumia kwa marudio mwisho wa muhula, si zaidi. Google Forms ni nzuri kwa mtihani unaojisahihisha kama kila mtoto angekuwa na kifaa, kwako haina kazi darasani bado. Google Classroom, Moodle na wenzake ni za kupanga kozi na kukusanya kazi, zinasaidia pale ambapo wanafunzi wanaingia mtandaoni nyumbani, ukiwalazimisha wasio na simu unawagawa watoto mafungu mawili.

Swali la intaneti ya kubahatisha lina dawa yake na naona semina wamelipita. Kuna Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa makusudi kwa ajili ya mahali mtandao haupo. Unaiweka kwenye laptopu, siku moja ukiwa na intaneti nzuri unapakua masomo (kuna ya Khan Academy, kuna PhET, kuna hadithi za African Storybook ambazo nyingi zina Kiswahili), afu laptopu inakuwa kama mtandao mdogo wa shule. Simu na tableti zinaungana nayo kwa wai-fai na kufungua masomo kwenye brauza bila bando hata kidogo. Huna kifaa cha wai-fai? Washa hotspoti ya simu yako hata kama haina data, vifaa vyote viungane hapo, ila simu nyingi zinakubali vifaa kama kumi tu kwa wakati mmoja. Na kwa ajili yako mwenyewe ya kuandaa masomo weka Kiwix, inabeba Wikipedia nzima kwenye simu. Ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 100 kwa hiyo hiyo sahau, chukua ya Kiswahili au yale mafungu madogo ya somo moja moja.

Akili mnemba hukuuliza, lakini ningeshangaa kama haikuwepo kwenye ile 40. ChatGPT ilitoka 30 Novemba 2022 na tangu hapo kila semina ina mtu anayesema itakuandalia somo lote. Inaandaa kweli, na somo lenyewe linafaa kwa darasa lolote na kwa hiyo halifai kwa lako. Mi naona kazi yake bora kwa mwalimu ni kutunga vipotoshi. Iambie nafundisha kujumlisha sehemu, nipe makosa sita ambayo wanafunzi hufanya na jibu ambalo kila kosa litazaa. Kati ya sita utapata manne mazuri, moja la ajabu na moja ambalo hesabu yake yenyewe imekosewa, kwa hiyo kokotoa kila kitu kwa mkono kabla ya kukipeleka ubaoni. Zoezi lingine, chukua suluhisho lake lenye kosa, liandike ubaoni, waambie darasa kuna mahali huyu mjuaji kadanganya, mtafuteni. Wanapenda sana kumkamata.

Na usije ukamwadhibu mtoto kwa sababu kuna apu imesema insha yake imeandikwa na mashine. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kifaa cha kutambua maandishi ya mashine wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama waliopika wameshindwa kutambua chakula chao, we kaa na mtoto umuulize aeleze alichoandika, dakika mbili utajua.

Majina ya watoto: kwenye Plickers andika namba za kadi au jina la kwanza tu, orodha kamili ibaki kwenye daftari lako. Usiweke picha za watoto wala alama zao kwenye akili mnemba wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Alama za mtoto ni za mzazi wake, kundi zima halihusiki.

Kuhusu zile apu mbili zilizokugomea mbele ya darasa, fanya hivi usiku kabla ya kipindi. Weka simu na laptopu kwenye hali ya ndegeni, afu fungua kila kitu unachopanga kutumia kesho. Kisichofunguka usikihesabu. Kama ni lazima utumie cha mtandaoni, uwe na karatasi yenye swali lilelile mfukoni. Darasani jipe dakika tatu, kitu kikigoma zaidi ya hapo rudi ubaoni bila kuomba msamaha, maana kipindi chenyewe ni kifupi na ukianza kuhangaika na waya mgongo umewapa, darasa limeisha. Na zima arifa za simu kabla hujaiunga na projekta. Mimi ujumbe wa jamaa yangu anayenidai ulitokea kwenye ukuta mzima, herufi kubwa, katikati ya milinganyo. Walinyamaza kwa heshima, ambayo iliniuma zaidi kuliko wangecheka.

Sasa mkuu wa shule na tableti zake 10.

Usimwambie hapana moja kwa moja, anayetaka kununua kitu cha watoto ni mkuu mzuri. Mweleze habari ya Peru. Kulikuwa na mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, ulitangazwa na Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2005, na Peru ilinunua kwa wingi sana. Utafiti uliotoka 2012 ulifuatilia shule 319 za vijijini, ukakuta laptopu zimefika kweli na watoto wanazitumia, lakini alama za hisabati na lugha hazikuonyesha kupanda. Kulikuwa na dalili nzuri kidogo kwenye vipimo vya kufikiri kwa ujumla, tusiwanyime haki yao. Ila vifaa vilitangulia na walimu hawakusaidiwa vya kutosha kuviingiza kwenye ufundishaji wa kila siku, na hilo ndo hasa linaloweza kutokea kwenu.

Tableti 10 kwa watoto 58 ni karibu watoto sita kwa moja. Kwenye kundi la sita mmoja anabonyeza, mmoja anamwelekeza, wanne wanaangalia mabega ya wenzao. Kwa darasa lako mi ningetaka kwanza karatasi ngumu za kadi, waya mrefu wa umeme, betri ya akiba, na Kolibri kwenye laptopu iliyopo. Tumia hivyo muhula mmoja, weka matokeo ya zile kura kwenye daftari, na mwisho wa muhula uende kwake na ushahidi wa darasa lenu wenyewe. Kama bado anataka, waanze na tatu, zizunguke kwenye kituo kimoja cha darasa wakati makundi mengine yana kazi nyingine.

Na kabla hajalipa popote akujibu maswali manne. Nani anazichaji na wapi, maana kuchaji vifaa 10 kila siku ni ajira. Nani anaweka masomo ndani yake na kuyasasisha. Ikivunjika ya kwanza, nani analaumiwa, kwa sababu kama ni mwalimu basi hakuna mwalimu atakayezitoa kabatini tena, nimeona vifaa vipya vinafikisha miaka miwili na ile plastiki yake bado imebandikwa kwenye skrini. Na la mwisho, ufunguo wa hilo kabati utakaa na nani saa mbili asubuhi kipindi chako kinapoanza. Kama utakaa ofisini kwake, anunue projekta ya pili.